Nyati wa Sarbati

Mzee Jaikaran alipoamua kumuuza nyati wa mkwewe, mwenye nyati hakuambiwa. Hata angetaka kumwambia, mdomo usingefunguka. Kwetu Nangli baba mkwe hasemi na mke wa mwanawe, na mke wa mwana hamwonyeshi baba mkwe uso. Akisikia kikohozi chake tu anateremsha ushungi mpaka kidevuni na kugeukia ukuta. Sarbati alikuwa na miaka mitano katika nyumba ile. Anampikia mzee chapati, anamfulia kilemba, anamkamulia nyati, na mzee angekutana naye sokoni asingemtambua. Likiwapo la kuambiana lilipitia kwa mama mkwe, Risalo, hata kama wote watatu wamesimama ua mmoja na kila mtu ana masikio yake.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatano mzee alisimama kando ya hori, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mama Mahavir, mwambie mke wa mwanao jioni anakuja mtu kupima maziwa ya yule wake. Amkamue vizuri."

Risalo akageuka hatua mbili. "Umesikia. Umkamue vizuri."

"Mama, mwulize ni mtu wa nini," Sarbati akasema nyuma ya ushungi.

"Anauliza ni mtu wa nini."

"Wa bima," akasema Jaikaran, akaenda zake kuvuta kiko cha maji na wenzake. Risalo alijua kuwa ni uongo, akaendelea kubandika samadi ukutani.

Bandani mlikuwa na nyati wawili, na hao wawili ndio waliokuwa wakiitibua nyumba nzima. Msidhani ni wale wa porini wa kuua watu. Wetu wanalala mlangoni na wanajua majina yao. Wa Jaikaran aliitwa Kajal, wa mbegu ya Mura halisi, mweusi ti kuanzia pua mpaka kwato, pembe fupi zimejikunja na kujirudia kama kitamutamu cha jalebi, ngozi nyororo, mkia mrefu wa kufagia vumbi. Huku Rohtak mtu mwenye Mura wa namna hiyo anatembea katikati ya njia na wengine wanampisha. Wa pili ni Chandni. Huyu alikuja na Sarbati angali mtamba, zawadi ya baba yake siku ya harusi, kutoka ukingoni mwa mto Satlaj, na alikuwa Nili: mweusi naye, lakini paji jeupe, miguu yote minne myeupe kama amevaa soksi, ncha ya mkia nyeupe, na jicho moja la kioo. Kwao Sarbati weupe wa paji na wa miguu minne unaitwa alama tano, na mtu anaongeza bei akiziona zimetimia. Kwetu unaitwa madoa.

Jaikaran alikuwa akiwajua nyati kama wengine wanavyowajua ndugu zao. Atakutajia Surti mwenye kola mbili nyeupe shingoni, atakutajia wale wa Jafarabad wenye mapembe mazito yanayowaangukia machoni, na kila mmoja atamtafutia ila, mpaka afike kwa Mura, hapo anyamaze kidogo na kushika masharubu. Kuwa na Nili ndani ya ua wake ilikuwa aibu aliyoletewa na wakwe. Wageni wakija, alichukua masizi na mafuta ya haradali akampaka Chandni paji la uso. Jicho hakuwa na la kulifanya. "Ananiangalia kama polisi," alilalamika. Risalo naye akimkasirikia Sarbati alimtukana nyati, na akimkasirikia nyati aliwatukana wazazi wa Sarbati.

Jambo lenyewe lililomkera mzee hakulisema. Kajal alitoa kilo kumi na nne kwa siku, na Chandni, na madoa yake yote, kumi na nane.

Halafu ikaja habari ya afisa mifugo. Angefika Alhamisi jioni kumwona Kajal akikamuliwa mpaka kiwele kikauke, na kesho yake angepima maziwa ya siku nzima. Akitosheka angempiga Kajal kipini cha sikio na kuandika jina la mwenyewe katika daftari la Mura halisi la wilaya. Jaikaran alijisifu barazani kwamba ua wake hauna doa. Ramphal, ambaye hajawahi kuacha neno limpite, akauliza kama yule bibi wa Satlaj mwenye jicho la kioo naye angefichwa chini ya kitanda afisa akija. Watu wakacheka mpaka kiko kikapinduka. Siku hiyohiyo Jaikaran alimpigia simu dalali.

*

Mnunuzi alifika jioni na gari la mizigo. Alikuwa Singasinga mrefu mwenye kilemba cha buluu, jina lake Gurdev, mkulima wa huko Firozpur, mtu wa maneno machache. Kawaida ya mnunuzi ni kushuhudia mikamuo miwili, ya jioni na ya asubuhi, mizani yake mwenyewe mkononi, ndipo alipe. Wakampa kitanda cha kamba na bilauri ya maziwa ya moto.

Sarbati alikuwa ameshakaa chini ya Chandni katika nguo zake za kukamulia. Kila mwanamke wa kwetu anazo: shati refu la kijani lililofubaa na shuka ya kichwani, hafui kwa sabuni ya harufu na hamwazimi mtu, kwa sababu nyati anamjua mkamuaji kwa pua kabla ya macho. Chandni alikuwa mgumu zaidi ya wengine. Ndama wake alikufa akiwa na miezi miwili. Risalo alitaka ngozi ichunwe ijazwe majani makavu, asimamishiwe mama yake ailambe na kuachia maziwa, kama wanavyofanya wote. Sarbati alikataa. Alimzika ndama mzima na ngozi yake, akakaa siku tatu chini ya Chandni akimbembeleza, mpaka siku ya nne nyati akaachia. Tangu hapo hakuachia kwa mkono mwingine wowote.

Maziwa yalikuwa yakishuka vizuri aliposikia mzee akizungumza na mgeni kule nyuma, akimwita kwa heshima kama wanavyoitwa Singasinga.

"Tazama paji hilo, Sardarji. Limeanza juu ya macho likashuka mpaka puani, halikukatika. Sasa tazama miguu. Yote minne, mpaka juu ya kwato, sawasawa. Na jicho. Jicho kama hilo utalipata wapi siku hizi?"

Sarbati akatazama paji. Lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni, linang'aa. Mzee mwenyewe ndiye aliyelisugua mchana, kwa mikono ile iliyokuwa ikilipaka masizi.

"Alama tano," akasema yule mgeni, kwa lafudhi ya mtoni, lafudhi ya kina baba zake Sarbati. "Zimetimia."

Mtu wa bima hahesabu alama tano. Sarbati akaelewa hapo hapo, na mikono yake ikasimama. Kisha ikaendelea, maana kiwele kikiachwa na maziwa kinavimba, na Chandni hakuwa na kosa. Kilo tisa na robo. Alitundika nguo zake kwenye msumari wa bandani kama kila siku, akaingia jikoni.

*

Mahavir, mume wake, alikuwa anakula. Alikuwa kijana mwenye sura nzuri na mabega mapana, na ndani ya nyumba ya baba yake hakuyatumia kwa chochote.

"Wanamuuza Chandni," Sarbati akamwambia.

Mahavir akamega chapati. Akasema kwamba baba ameshazungumza na watu, bei ni nzuri, laki moja na elfu thelathini, na watanunuliwa ndama wawili wa Mura.

"Nyati ni wangu. Baba yangu alinipa mimi."

"Kilicho chako si cha nyumba?"

"Basi Kajal ni wa nyumba pia? Nimuuze?"

"Usianze."

"Wewe umesema nini alipokwambia?"

"Baba ameshasema."

"Nakuuliza wewe umesema nini."

"Nimesema baba ameshasema," Mahavir akajibu, na hakuwa anafanya mzaha, maskini. Akaomba aongezewe mtindi. Sarbati akamwongezea. Risalo aliyekuwa mlangoni akasema kwamba mwanamke aliyezaa mtoto mmoja, naye wa kike, hana haja ya kuhesabu mali, na pia avute ushungi wake vizuri, wakubwa wanamwona.

Sarbati akakusanya vyombo. Mtu asidhani alikubali. Alikuwa amekwisha kufanya hesabu yake: mikamuo ni miwili, mmoja umepita, wa pili bila mkono wake hakuna. Mgeni hawezi kununua nyati asiyeachia. Hiyo ilikuwa silaha yake pekee katika nyumba ile, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alilala akijiona ana nguvu.

*

Alfajiri alivaa shati la zambarau la kutokea, akambeba binti yake kiunoni, akavuka njia mpaka kwa jirani Dhanpati, mjane asiyeogopa mtu, wakapanda juu ya dari. Kutoka pale ua wa Jaikaran unaonekana wote kama sinia. Dhanpati alimpa mtoto kipande cha sukari guru na kumsogezea Sarbati blanketi.

Chini walianza kumtafuta. Walipoambiwa yuko darini na hashuki, Jaikaran akamwambia Risalo akamue yeye. Risalo ana vidole vilivyokunjamana kwa baridi yabisi, lakini akakaa. Chandni akamnusa, akarudi nyuma. Chuchu zikabaki tupu kama vidole vya glavu. Mahavir akajaribu, nyati akampiga teke la paja. Wakamwekea mashudu ya pamba, wakamkanda kiwele kwa maji ya moto. Hakuachia tone. Watu walikuwa wameanza kujaa ukutani, Ramphal mbele yao kama kawaida, na mgeni ameketi na mizani yake magotini anatazama saa.

"Sardarji, ni leo tu," Jaikaran akasema. "Ameshtushwa na watu."

"Muda wa saa moja nitangoja," akasema Gurdev. "Wa saa mbili siwezi."

Hapo ndipo mzee alipoona zile nguo kwenye msumari.

Sarbati aliziona wakati uleule. Alikuwa ameziacha. Katika hesabu yake yote ya usiku hakuzihesabu, kwa sababu nani angefikiri kwamba Jaikaran wa Nangli, mwenye masharubu yale, angezishika?

Mzee aliingia bandani akafunga mlango wa gunia. Alipotoka alikuwa amevaa shati la kijani, limembana tumboni na kupasuka kwapani, na shuka ameiteremsha mpaka kidevuni. Kicheko kilichopasuka ukutani kiliwarusha njiwa. Mtu akapiga mluzi. Ramphal akauliza kwa adabu bibi harusi ni wa ukoo gani. Risalo alijiziba uso kwa mikono. Nasema kweli, ingekuwa mwingine angekufa kwa aibu; lakini chuki ya Jaikaran kwa yule nyati ilikuwa kubwa kuliko aibu yake, akaenda akakaa kwenye kigoda.

Gurdev peke yake hakucheka. Akasema mjomba wake alivaa nguo za mkewe mwaka mzima mke alipokuwa mgonjwa, na nyati hakupungukiwa.

Chandni alinusa bega. Akanusa shuka. Akatulia, masikio yamesimama, lakini hakuachia.

"Anangoja sauti," Gurdev akasema. "Huyo mama huwa anamwambia nini?"

Juu ya dari Sarbati alishika mkono wa Dhanpati. Maneno yale hakuwahi kumfundisha mtu. Aliyaanza siku zile tatu baada ya ndama kufa, kwa lugha ya kwao, lugha ambayo Jaikaran aliiita kelele za bata, na aliyasema chinichini ushungi ukiwa umefunika mdomo.

Chini ya shuka sauti ya mzee ikatoka nyembamba.

"Teremsha, bibi wa mto, teremsha. Mwanao yuko hapa, ana njaa. Teremsha."

Aliyasema yote, kwa lafudhi ya Satlaj, bila kukosea neno, hata kule kuvuta mwishoni kwa Sarbati alikuvuta. Tangu siku zile alikuwa akilala upande wa pili wa ukuta wa banda na masikio wazi. Na Chandni, mwenye jicho la kioo na jicho jeusi, akashusha kichwa, akapumua kwa nguvu, akaachia.

Maziwa yakachururika kwenye ndoo. Darini yalisikika vizuri kabisa.

"Sikutaka adanganywe kwa ngozi ya mwanawe," Sarbati akamwambia Dhanpati. "Sasa amedanganywa kwa yangu." Alikuwa analia, na hakuinua mkono kujifuta. Yule nyati alikuwa amemwuma moyo kuliko watu wote wa ile nyumba, na aliona vibaya kumlaumu, lakini alimlaumu.

Akashuka. Alivuka njia kichwa wazi, ushungi mabegani. Watu wa ukutani walimpisha kabla hawajajua kwa nini. Wengi wao ndiyo kwanza wauone uso wake, uso wa kawaida, wenye kovu dogo kidevuni. Alisimama mbele ya kigoda, na kwa mara ya kwanza akasema na baba mkwe wake, si kupitia kwa mtu.

"Baba, vuta ushungi vizuri. Wakubwa wanakuona."

Hakuna aliyecheka. Risalo, ambaye alikuwa akimwambia Sarbati maneno hayo kila siku ya Mungu, alijikuta ameshika ushungi wake mwenyewe. Jaikaran hakuweza kuinuka, maana ndoo ilikuwa katikati ya magoti na maziwa yanashuka; hakuweza kufunua uso, maana nyati angesita. Akaendelea kukamua amejifunika, na mkwe wake amesimama wazi mbele yake.

Sarbati akamgeukia mgeni. "Kaka, huyu nyati ni wangu. Nilipewa na baba yangu. Sijamuuza."

Gurdev akatazama chini. Alikuwa mtu mzuri kiasi, na alikuwa amesafiri kilomita mia tatu. Akamwita Mahavir, akamwuliza mbele ya watu wote nyati ni wa nani.

"Wa nyumba," Mahavir akasema.

"Mwenye nyumba ni nani?"

Mahavir akaonyesha kigoda kwa kidevu.

Kilo tisa kasoro kidogo. Gurdev akahesabu noti akazitia kwenye mkono wa mzee uliotokeza katika shati la kijani. Kisha akasema nguo zile nazo aziweke kwenye gari, kwa kuwa mke wake angezihitaji. Jaikaran akazivua pale pale kama mtu anayevua miiba, akazirusha, na mgeni akazikunja vizuri na kuziweka kwenye kiti cha mbele.

Wakati Chandni anapandishwa ubao, Sarbati alimsogelea Gurdev. "Chuchu ya nyuma kulia ina ufa," alimwambia. "Mpake samli isiyo na chumvi. Na maji ya baridi hanywi." Gurdev akasema amesikia. Gari likaondoka.

*

Jaikaran alikuwa ameshinda, na akataka kila mtu ajue. Mchana alioga, akafunga kilemba kipya, akafagilisha banda upande wa Chandni na kunyunyiza chokaa. Barazani hakwenda. Alimwogesha Kajal kwa mikono yake, akampaka mafuta kwenye pembe na mwilini mpaka akang'aa kama sufuria jipya.

Kajal hakuwa amekamuliwa tangu jana yake. Katika fujo ya asubuhi hakuna aliyemkumbuka, na aliyekuwa akimkamua siku zote alikuwa amerudi kwenye dari ya Dhanpati, anamchambua binti yake chawa. Ilipofika saa kumi kiwele kilikuwa kigumu kama jiwe, na nyati analia kwa sauti ya kusikitisha. Risalo akajaribu. Kajal alitoa vikombe viwili, akazuia. Tangu aanze kutoa maziwa maishani mwake alikuwa katika mkono mmoja, na yeye pia alizijua zile nguo. Sasa nguo zilikuwa njiani kwenda Firozpur.

Afisa angefika jioni ile ile. Akikuta nyati hakamuliki, hapimi, na safari nyingine ni mwakani.

Risalo akavuka njia, akasimama chini ya dari. Kwanza alifoka. Akamwita Sarbati mtoto asiye na malezi, akasema watamrudisha kwao na kila mtu atajua sababu. Sarbati akamwambia wamrudishe, njia ya Satlaj anaijua. Halafu Risalo akabembeleza. Akasema Kajal anaumia, mnyama hana kosa.

"Hata Chandni hakuwa na kosa," Sarbati akasema. "Mama, mwulize baba: Kajal ni wa nani?"

Risalo akarudi na swali. Sauti ya Jaikaran ilisikika njia nzima, ikimlaani yeye, baba yake na mto wao. Kajal akalia tena. Muda ukapita. Kwa mbali kwenye barabara ya mfereji likaonekana gari la serikali linakuja na vumbi lake, na Risalo akatoka mbio, shuka inaburuta.

"Anasema ni wako. Anasema uje, ni wako."

"Ameyasema yeye?"

"Ameyasema kwa mdomo wake. Njoo, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Sarbati alimwachia Dhanpati mtoto, akashuka.

Afisa mifugo alikuwa kijana mwenye miwani na njaa, amezunguka vijiji vinne siku hiyo. Alimtazama Kajal kuanzia mbele mpaka nyuma: pembe akazipima kwa vidole, ngozi akaivuta, mkia akauinua aone unafika wapi, akatafuta unywele mweupe mwilini asiupate. Akasema hajaona Mura msafi hivi mwaka huu. Jaikaran alivimba. Ramphal na wenzake walikuwa wamerudi ukutani.

Sarbati alikaa kwenye kigoda katika shati lake la zambarau, kichwa wazi. Kajal alimnusa nguo akasita. Sarbati akamwita jina, akamweka kiganja kiweleni akakiacha hapo mpaka nyati akamtambua mkono. Maziwa yakaanza, mazito, yakipiga ndoo. Afisa akafungua daftari juu ya goti.

"Jina la mwenye nyati?"

"Jaikaran, mwana wa Net Ram," akasema mzee.

Sauti ya ndoo ikakatika. Sarbati hakuinuka. Alitoa tu mikono yake akaiweka magotini. Kajal akageuza kichwa kumtazama, maziwa yanadondoka yenyewe kwenye majani.

Afisa akatazama saa, akatazama ndoo. "Amekwisha?"

"Bado," Sarbati akasema. "Mwulize tena jina."

Kijana akaona kuna jambo, na kwa kuwa alitaka kwenda kula hakuuliza ni jambo gani. "Mzee. Jina la mwenye nyati?"

Jaikaran akamgeukia Risalo, kwa mazoea, ampitishie la kusema. Risalo alikuwa anatazama ndoo. Akamtazama Mahavir, Mahavir alikuwa amepata kazi ya kufunga kamba iliyokwisha kufungwa. Ukutani watu wote walikuwa wanasikiliza, na mzee akamtazama mkwe wake usoni, macho kwa macho, kwa chuki ambayo hakuwa na pa kuificha.

"Futa hilo," akasema. "Andika Sarbati."

"Sarbati mke wa nani? Hapa pana nafasi ya jina la mume au la baba."

Jaikaran akataka kusema, na Sarbati akamwahi.

"Balkar. Ni la baba yangu. Yeye ndiye aliyenipa nyati."

Afisa akafuta, akaandika. Sarbati akanyoosha mkono wenye povu la maziwa akaomba daftari. Akalisoma mstari kwa mstari, bila haraka, maana kusoma alikuwa anajua, ila katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha akalirudisha, akamshika Kajal chuchu, akaendelea kukamua.